Marehemu Huja Saa Nne

Mkanda wa nne ulikuwa umeshavutwa nusu Mwenyekiti alipoingia karakanani bila kupiga hodi.

Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi kubwa lililopinduliwa miguu juu. Kwa mkono wa kushoto alikandamiza kibao cha kuvutia mkanda wa turubai unaobeba springi. Kwa mkono wa kulia alishika nyundo ndogo yenye sumaku. Kati ya midomo yake ilikaa misumari saba, ncha ndani na vichwa nje, kwa sababu fundi wa makochi hana mkono wa tatu. Nyundo hufika mdomoni, hunasa msumari mmoja kwa kichwa, huupeleka kwenye mbao. Anayevuta mkanda hawezi kuuachia kabla haujapigwa misumari yake yote. Akiuachia, unaruka na kumchapa usoni, na kazi ya asubuhi nzima inaharibika.

Mwenyekiti alikuwa kaka mkubwa wa mume wa fundi. Jina hilo alipewa kwa kuwa aliongoza kikao cha ukoo, kamati ya mtaa na, kwa maelezo ya mke wake, hata mlo wa jioni.

"Shemeji, sikupotezei muda," alisema. "Kikao ni Jumamosi saa tatu, hapa hapa, kwa kuwa viti viko hapa. Nimesikia maneno ya watu kuhusu wewe na yule mtu wa miavuli. Mimi nimewaambia ndugu kwamba umekubali kubaki katika jina la mdogo wangu mpaka siku zako ziishe, kama mama alivyobaki katika jina la baba. Kama una neno, sema sasa."

Fundi alikuwa na maneno mengi. Alikuwa pia na misumari saba.

"Mmh!" alisema. "Mmh-mmh! Mmh!"

Mwenyekiti alisubiri kwa kadiri mtu mstaarabu anavyosubiri. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuelewa." Akapapasa mguu wa kochi, ambalo lilikuwa lake, akauliza litakwisha lini, akajijibu mwenyewe kwamba haraka haraka haina baraka, akaondoka.

Fundi alipiga misumari yote saba. Kila mmoja uliingia kwa pigo moja. Kwa kawaida ni mapigo mawili.

Saa nne kamili mume wake aliingia kunywa chai. Alikuwa na miaka mitatu tangu afe.

Enzi za uhai wake alikuwa karani wa ratiba kwenye stesheni ya treni. Kwa miaka kumi na tisa alirudi nyumbani saa nne kamili, kwa sababu treni ya saa tatu na nusu ilikuwa imeshaondoka na ya saa tano ilikuwa haijafika. Mwaka wa kwanza baada ya kufa hakuja. Alieleza baadaye kwamba mwaka wa kwanza mtu anakuwa bado mgeni, hajui ruhusa inaombwa kwa nani. Mwaka wa pili akaanza kuja kila siku isipokuwa sikukuu. Majirani walimsalimu kama zamani, ila waliacha kumwuliza habari za afya.

Chai yake haikupungua kikombeni. Kilichopungua ni sukari, na baada yake mtu akionja alikuta chai imepooza na haina utamu hata chembe. Jambo jingine lililobadilika ni uzito. Hakuwa nao. Alikaa kwenye kiti, na sponji haikujua kama kuna mtu amekaa.

"Kaka yako alikuwa hapa," fundi alimwambia. "Kaniambia nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kubaki."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilikuwa na misumari mdomoni."

Marehemu alikoroga chai yake taratibu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe zamani, kwa ule mwandiko wake wa ratiba, herufi zote zimesimama wima kama abiria: KAZI ISIYOISHA HUKAA NA FUNDI. Alikiandika kwa ajili ya wateja waliokuwa wakija kuchukua viti vyao nusu nusu.

"Jumamosi nitakuwepo," alisema.

"Wameweka saa tatu."

"Kumbe." Alifikiri. "Kaka anajua mimi nafika saa nne."

"Huwezi kuwahi, siku moja tu?"

Alimtazama mke wake kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatazama abiria waliomwomba asimamishe treni. "Mke wangu," alisema, "unanijua."

Mtu wa miavuli hakuwa siri. Chumba chake cha kazi kilitazamana na karakana, ng'ambo ya barabara, kipana kiasi cha mtu kunyoosha mikono miwili na kugusa kuta zote mbili. Alitengeneza miavuli iliyovunjika mbavu, iliyogoma kufunguka, na iliyogeuzwa na upepo ikawa kama bakuli. Mvua ikinyesha wateja walipanga foleni hadi kona. Jua likiwaka hapakuwa na mtu anayekumbuka kwamba ana mwavuli, basi yeye alivuka barabara kumshikia fundi uzi. Alikuwa mdogo kwa fundi kwa miaka sita na alikuwa na kilo tisini na mbili. Fundi alimpenda kwanza kwa sababu ya kilo hizo. Mtu akimaliza kiti anahitaji mtu wa kukijaribu, na marehemu kwa kazi hiyo hakufaa tena.

Kisha akampenda kwa sababu ya kicheko. Siku moja, fundi akiwa anafunga mkanda, misumari mdomoni, mtu wa miavuli alimweleza habari za mteja aliyeleta mpini mtupu na kuomba utengenezwe uwe mwavuli kama ulivyokuwa, kwa kuwa mpini ndio sehemu aliyoipenda. Fundi alicheka, akameza msumari. Waliongozana zahanati. Muuguzi alisema ale ndizi na asubiri. Kwa siku tatu mtu wa miavuli alitoka mlangoni kwake kila asubuhi na kuuliza kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, "Umetoka?" Na fundi alijibu kwa sauti ile ile, "Bado!" Siku ya nne alijibu, "Umetoka!" na watu wawili waliokuwa wakipita walipiga makofi. Tangu hapo wote wawili walijua, na mtaa ulijua.

Aliyesema kwanza alikuwa marehemu.

"Siku za jua unacheka tofauti," alimwambia saa nne moja, miezi minane kabla ya haya.

Fundi hakuwa mtu wa kuficha. Akipenda alipenda kwa mikono miwili, akikasirika vyombo vilijua. "Unaumia?" aliuliza.

"Nilitegemea ningeumia. Nimekaa nasubiri, haiji." Akafikiri. "Nilikuwa mume mzuri?"

"Ulikuwa mume mzuri sana."

"Lakini sikukuchekesha."

"Ulinichekesha mara mbili."

"Siku ya ngazi," alisema marehemu, "na siku ya kofia ya mkuu wa stesheni." Alizikumbuka zote mbili. Walicheka tena, kwa mara ya tatu.

Mtu wa miavuli alitaka ndoa ya mchana kweupe, watu wakiona. Fundi naye alitaka hivyo hivyo. Lakini karakana ilikuwa katika nyumba ya ukoo, pamoja na chumba cha nyuma alicholala, na aliyekaa humo alikaa kama mke wa marehemu. Akitoka katika jina, anatoka katika nyumba. Hilo alilijua na alikuwa tayari kulibeba. Lililomzuia lilikuwa jingine. Miaka kumi na minne alikuwa mtoto wa mama mkwe wake. Ndiye aliyemfundisha kushona tundu la kifungo. Alitaka baraka ya mama mkwe, na baraka ya mama mkwe ilipitia kikaoni.

Jumamosi saa tatu kasoro dakika tano ndugu walifika. Walikuwa Mwenyekiti na mke wake, mama mkwe, baba mdogo, aliyekuwa akiandika kumbukumbu katika daftari la shule, na ndugu wawili wanaume ambao huja kila kikao kwa ajili ya chai.

Fundi alihitaji saa moja. Alikuwa amefikiria usiku kucha namna ya kuipata, na alikuwa ameamua kuitafuta katika kazi yake mwenyewe.

"Hakuna atakayekaa kabla hajapimiwa kiti," alisema. "Viti vya watu hivi. Vingine havina springi, vingine vina springi tu. Sitaki mtu aumie mgongo kwa ajili yangu."

Jambo hilo lilikuwa la busara, na hakuna aliyeweza kulipinga. Alichukua futi kamba akawapima mmoja mmoja, kutoka goti hadi sakafuni, kutoka nyonga hadi goti, akaandika kwa chaki ubaoni, akawatafutia viti. Kwa ndugu wawili wa chai alirudia vipimo mara mbili. Saa ikawa tatu na robo.

"Mimi sipimwi," alisema Mwenyekiti. Akachagua kiti kirefu kuliko vyote, chenye mgongo wa kuchonga, akakaa. Springi za kiti hicho zilikuwa hazijafungwa kamba. Alizama mpaka magoti yakafika kidevuni.

"Niliwaambia," alisema fundi.

Kumtoa kulichukua dakika kumi na moja. Mke wake alisaidia kwa kusema, "Vuta. Msivute. Vuteni sasa," na kati ya maneno hayo alikuwa akitazama pembeni na kukohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

Saa tatu na nusu ilipopita, baba mdogo alichonga penseli. Fundi aliuliza kwa adabu kama si utaratibu kusoma kwanza kumbukumbu za kikao kilichopita. Baba mdogo, ambaye miaka yote alikuwa akitamani mtu aulize hivyo, alisimama akasoma kurasa sita. Zilihusu bomba la mama mkwe lililokuwa likivuja. Kikao kiliazimia lisivuje. Bomba lilikuwa bado linavuja.

"Ahsante, baba mdogo," alisema Mwenyekiti kutoka kwenye kigoda alichopewa. "Tuje kwenye ajenda. Ni fupi. Shemeji amekubali kubaki. Nilimwuliza mwenyewe, hakukataa. Alinyamaza."

"Nilikuwa na misumari mdomoni, shemeji."

"Ungeitema."

"Mkanda ungeniondolea jicho."

"Aliyenyamaza amekubali."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, shemeji," alisema fundi. "Na mshindo wenyewe ni huu. Nampenda yule bwana. Nampenda!"

Alilisema kwa sauti aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa ndogo. Ng'ambo ya barabara mtu wa miavuli, ambaye hakualikwa, alikuwa amesimama mlangoni tangu saa mbili akifungua na kufunga mwavuli ule ule. Aliposikia, mwavuli ulifunguka na haukukubali kufungwa tena. Alikaa nao hivyo hivyo, jua likiwaka.

"Mtu wa miavuli!" alisema mmoja wa ndugu wa chai. "Kiangazi mtakula mipini?"

"Kiangazi atanishikia uzi."

"Ni mdogo kwako."

"Atakua."

Mwenyekiti aliinua mkono. "Hatujaja kujadili uzi. Sisi tunasimamia jambo moja tu, nalo ni matakwa ya marehemu. Marehemu asingependa. Mnakubaliana?"

"Asingependa," walisema ndugu wa chai.

"Hamjambo wote," alisema marehemu, akiingia. Ilikuwa saa nne kamili. Alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama yake kwanza, akapokea kikombe. Mke wa Mwenyekiti alisogea kidogo ili apite, ingawa hakuhitaji nafasi.

"Tulikuwa tunazungumzia matakwa yako," alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema marehemu. "Mimi naona aolewe. Yule ni mtu mwema, anamchekesha. Ningependa kabisa."

Penseli ya baba mdogo ilisimama hewani.

"Niandike?" aliuliza.

"Usiandike bado," alisema Mwenyekiti. "Ndugu yangu, tunakuheshimu. Lakini taratibu ni taratibu. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mimi nipo."

"Wewe umekufa."

"Nimekufa, lakini nipo. Nimekaa hapa."

Wote walikitazama kiti. Sponji ilikuwa imesimama kama haijakaliwa.

"Umeona," alisema Mwenyekiti, kwa upole. "Na isitoshe, maiti haulizwi sanda. Wewe ulipokuwa hai uliwahi kusema unataka mkeo aolewe?"

"Nilipokuwa hai nilikuwa mume wake."

"Basi. Matakwa ya marehemu ni yale aliyokuwa nayo akiwa hai. Ya baadaye ni maoni."

Baba mdogo aliuliza tena kama aandike. Aliambiwa aandike kwamba marehemu alihudhuria na akaombwa atulie. Penseli ilikuwa imekatika ncha, akaanza kuichonga upya, na wakati akichonga mama mkwe alisogeza kiti chake karibu na mwanawe. Hakuwa amesema neno tangu afike. Alikuwa mwanamke mwembamba, amenyooka, anayekaa pembeni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa.

"Baba yako hajambo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajambo, mama. Anacheza bao."

"Huwa ananiulizia?"

"Miaka ya mwanzo nasikia alikuwa akimwuliza kila anayefika. Anasema, mke wangu kaolewa na nani?"

Mama mkwe alitazama mikono yake. "Wakamwambia nini?"

"Kwamba hujaolewa. Akasema, labda amekosa wa kumfaa."

Penseli ilikuwa ikikwaruza. Fundi aliyasikia yote haya, kwa kuwa alikuwa amepiga goti karibu yao akiokota vipande vya chaki.

"Sikukosa," alisema mama mkwe. "Alikuwepo mmoja. Alikuwa akiuza vioo. Alikuwa akipita na kioo kikubwa mgongoni, mtu anaona mtaa wote unatembea." Akasawazisha pindo la nguo yake. "Niliambiwa baba yako asingependa."

"Nani alikuambia?"

"Kikao."

Fundi aliinuka. Aliona kwamba wakati wake ni huu, na moyo wake ulimpiga kama nyundo inayotafuta msumari. "Mama," alisema, "mimi siombi hawa wengine. Naomba wewe. Neno moja tu."

Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Yalikuwa macho ya mtu anayempenda anayemtazama; fundi hakuwahi kulitilia shaka hilo, wala siku hiyo.

"Mwanangu," alisema, "nimebaki miaka thelathini na moja. Nikisema ndiyo, hiyo yangu naipeleka wapi?"

Marehemu aliweka kikombe chini.

Kura zilipigwa kwa mikono. Mke wa Mwenyekiti hakuinua wake upande wowote, alisema unamuuma. Baba mdogo aliandika, kisha akasoma kwa sauti: Kikao kimeazimia kwamba, kwa kuheshimu matakwa ya marehemu, mjane abaki katika jina lake. Akiamua vinginevyo atatoka na vifaa vyake tu. Marehemu, aliyekuwepo, hakukubaliana na matakwa ya marehemu.

"Sentensi ya mwisho ifutwe," alisema Mwenyekiti.

"Penseli yangu haina kifutio," alisema baba mdogo. Ikabaki.

Walikunywa chai. Mwenyekiti, akiwa amefurahi kwamba jambo limekwisha kwa amani, aliwaambia ndugu kwamba hata yeye siku akifa, mke wake atabaki vivyo hivyo.

"Ukifa utakuja kusema mwenyewe," alisema mke wake.

"Nitakuja, na nitasikilizwa."

"Kama alivyosikilizwa mdogo wako," alisema mke wake, akamwongeza chai.

Jumatatu asubuhi fundi alihama. Alibeba nyundo, kibao, sindano zilizopinda, futi kamba, magudulia mawili ya gundi na kibao cha ukutani. Mtu wa miavuli alibeba meza ya kazi kichwani. Kisha walirudi kuchukua kochi.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. "Hilo ni langu."

Fundi hakubishana. Alimwonyesha kibao, kwa mwandiko wa ndugu yake. KAZI ISIYOISHA HUKAA NA FUNDI.

Mwenyekiti alikisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa taratibu, na huo ulikuwa utaratibu, tena ulioandikwa na marehemu akiwa hai. Alisogea pembeni. Hata alishika upande mmoja, kwa kuwa kochi lilikuwa zito, na wakavuka barabara wote watatu huku magari yakisubiri.

Chumba cha miavuli hakikutosha hata mkono mmoja wa kochi. Walifanya kazi nje, ukingoni mwa barabara. Mtu wa miavuli alikusanya vitambaa vya miavuli ambayo wenyewe hawakuirudia, vyeusi, vya bluu, kimoja cha maua na kimoja chenye picha ya bata, akavishona pamoja na kuinua kivuli kikubwa juu ya mbavu arobaini. Upepo ukivuma kilifunguka na kujifunga chenyewe, taratibu, kama kitu kinachopumua. Ndoa yao ilifungwa chini yake mchana kweupe, Alhamisi. Ukoo haukuja. Marehemu alikuja saa nne, akakuta wameanza bila yeye kwa kuwa mwandikishaji alikuwa na haraka, akasema si neno. Alikaa upande wa bibi harusi. Mwandikishaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kila mtu alimtazama yeye, naye akatikisa kichwa. Kisha akamchekesha bibi harusi kwa mara ya nne, kwa jambo alilomnong'oneza na ambalo mtu wa miavuli mpaka leo hajaambiwa.

Tangu hapo amekuwa akija huko kunywa chai, kwa sababu yeye hufuata chai ilipo. Kule nyumbani Mwenyekiti humwekea kikombe mezani kila siku, na hukimwaga kila siku kikiwa na sukari yake.

Mama mkwe alianza kuja wiki ya pili. Alivuka barabara saa nne kasoro, akakaa kwenye kochi upande uliokwisha, akaiambia hewa, "Nimekuja kumwona mwanangu." Na mwanawe akifika alizungumza naye. Aliuliza habari za bao, na kama baba yake hushinda. Kwa fundi hakusema neno. Alimweleza marehemu kwamba akiongea na fundi itakuwa amekubali, na yeye hajakubali. Lakini siku ya tatu, fundi alipokuwa amevuta kitambaa na kunyoosha mkono nyuma kutafuta mfuko wa misumari, alikuta msumari umeshawekwa kiganjani mwake. Akaupiga. Akanyoosha tena mkono, akapewa mwingine. Hakugeuka kutazama. Alijua kwamba akigeuka utaratibu huo utakwisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile Mwenyekiti alipovuka kuja kuuliza habari za kochi lake. Lilikuwa limebaki mkono mmoja. Mtu wa miavuli alikuwa amekaa upande mmoja akijaribu springi, na marehemu upande wa pili, na kochi liliinama upande mmoja tu.

"Litakwisha lini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kesho," alisema mtu wa miavuli, kwa kuwa fundi alikuwa na misumari mdomoni.

"Mlisema kesho jana."

"Na leo tunasema kesho. Hatujabadilisha neno, shemeji."

Mwenyekiti aliamua kutolisikia neno shemeji. Alimgeukia mdogo wake. "Kikao kimekaa tena. Imeonekana kwamba marehemu anavuka barabara kila siku kwenda kunywa chai kwa watu wengine, jambo ambalo ni kinyume na matakwa yake. Imeazimiwa akumbushwe."

"Akumbushwe na nani?" aliuliza marehemu.

"Na mimi. Nakukumbusha."

"Nimekumbuka," alisema marehemu, akanyoosha kikombe aongezwe sukari.

Mwenyekiti aliridhika. Aliondoka akitembea katikati ya kivuli cha miavuli, na kivuli kikajifunga kidogo baada yake.

Muda si mrefu tone la kwanza lilianguka, kisha la pili, kwenye picha ya bata. Mtaani kote watu walianza kukumbuka miavuli yao. Wateja wawili walitokea kona, wakafuatwa na wanne. Mtu wa miavuli aliinuka, springi zikashusha pumzi, akaenda kufungua chumba chake. Marehemu alitazama saa, akavaa viatu, akaaga. Fundi alikuwa anafunika kochi kwa turubai, misumari ikiwa bado mdomoni, kwa kuwa mfuko ulikuwa umelowa na hakuwa na pa kuiweka.

Mama mkwe hakuondoka na mwanawe kama siku zote. Mkononi mwake ilikuwa imebaki misumari kadhaa. Aliinua ncha ya turubai, akapanga misumari hiyo mmoja mmoja juu ya mkono wa kochi ambao haujavikwa, vichwa upande mmoja, ili atakayeichukua aichukue vizuri. Kisha akaliambia kochi:

"Kesho nitakuja saa tatu. Saa nne ni ya mwanangu."

"Mmh," alisema fundi.

Mama mkwe alisikia, akaelewa kilichosemwa. Akafungua mwavuli wake, ambao ulikuwa na ubavu mmoja uliovunjika, akautazama, akaukabidhi mlangoni kwa mtu wa miavuli bila kumsalimu, akavuka barabara akilowa.